Zamu yangu ya kuwapigia wageni muziki wa kwetu ni Jumamosi: kwa nini wimbo mmoja unanyanyua kila mtu na mwingine unamnyanyua mwenyewe tu?

#1 Mwana wa Chilonwa
Wakuu, mbukwenyi.

Hapa Ng'ong'ona, Dodoma, tumepanga nyumba moja watu wa mataifa mbalimbali, wengi ni wanafunzi, wengine wako kwenye ujenzi mjini. Yupo Mkongo wa Bukavu, Mhabeshi wa Addis Ababa, Mzambia wa Kitwe, dada wa Burundi, Mkenya wa Kisumu na Mzimbabwe. Jumamosi jioni tunatoa spika uani na mtu mmoja anashika zamu, saa nzima anapiga muziki wa kwao. Sheria ni kwamba hakuna kutoa maelezo mpaka wimbo uishe. Watu wausikie kwanza.

Mkongo alipopiga Franco na TPOK Jazz, uani hakubaki mtu kwenye kiti, na wanaojua Kilingala pale ni wa kutafuta. Mhabeshi akaleta Mahmoud Ahmed na Mulatu Astatke. Muziki mtamu, mimi ulinishika kweli, lakini watu walikaa kimya macho chini. Aliyenyanyuka ni bibi mwenye nyumba, Mgogo wa Chamwino, akaanza kutikisa mabega kama mtu aliyeitwa jina lake. Mhabeshi mwenyewe alibaki anamtazama. Mzambia akapiga Zamrock, roki ya kwao ya miaka ya 1970: vichwa vikaenda, miguu ikakataa.

Mimi nasema kinachonyanyua ni besi. Besi ikitembea vizuri, lugha si kitu, nchi si kitu. Mwenye hoja nyingine aiweke hapa. Na la pili: zamu yangu inakuja, niwapigie nini cha kwetu?

#2 besi_ya_makole
Mkuu umemaliza. Nimepiga besi kwenye bendi za kumbi hapa mjini. Mpiga solo ndiye anayetuzwa, ila anayewatoa watu mezani ni wa besi. Chukua Manu Dibango, Mkameruni yule, na ile Soul Makossa ya 1972 iliyofika mpaka kumbi za New York. Toa saksafoni, wimbo bado upo. Toa besi, hakuna wimbo.

#3 Mutoto wa Bukavu
Kaka besi, nakuheshimu, ila hapana. Mimi pia ni wa Bukavu, niko hapa Dodoma, ingawa si yule wa nyumba yenu.

Rumba yetu inakaa kwenye magitaa. Sikiliza tena. Gitaa la rithimu linazunguka palepale, halina haraka. Solo iko juu. Katikati kuna lile tunaloita mi-solo, linajibu huku na huku na kuziba mianya. Hakuna gitaa hata moja kati ya hayo ambalo likibaki peke yake lingewanyanyua. Halafu ujue wimbo una sehemu mbili: ya kwanza ni ya kuimba, watu wameshikana, polepole. Kisha inafunguka sebene, maneno yanaisha, magitaa yanabaki na kazi. Hapo ndipo nyumba yenu iliponyanyuka.

Na mizizi yake ni mirefu. Tangu miaka ya 1930 santuri za Kuba zenye namba za GV zilikuwa zinauzwa kwetu. Wazee walisikia mdundo ambao babu zao waliondoka nao kwenye meli za watumwa, umerudi. Hawakuuona mgeni. UNESCO walipoitambua rumba ya Kongo kuwa urithi, Desemba 2021, ombi lilikuwa la nchi mbili, Kinshasa na Brazzaville pamoja.

#4 Mwana wa Chilonwa
Karibu Jumamosi, Mutoto wa Bukavu. Lakini hapo kwenye sebene nakukatalia. Walinyanyuka kabla. Waimbaji walikuwa bado wanaimba.

#5 Mama Nkuhungu
Mnabishana magitaa, bibi mmemwacha peke yake uani. Huyo ndiye habari ya uzi huu. Sisi Wagogo tunacheza na mabega, shingo na kifua, miguu inafuata. Wahabeshi nao wana mchezo wao, eskista, ni mabega. Bibi hakusikia Uhabeshi, alisikia kwao. Msimshangae.

#6 mwalimu_wa_kwaya
Mama Nkuhungu kagusa penyewe, naongezea kidogo.

Muziki wa asili wa Ethiopia unakwenda kwa sauti tano, na wenyewe wanazipanga katika familia nne kubwa: tizita, bati, ambassel na anchihoye. Nyimbo za Kigogo nazo zimejengwa juu ya sauti tano. Si tano zilezile, mpangilio wa Wagogo una yake, lakini sikio lililolelewa na tano halisumbuki likikutana na tano za jirani.

Kubwa zaidi ni mapigo. Nyimbo nyingi za eskista zinahesabika sita. Unaweza kuzigawa tatu-tatu au mbili-mbili-mbili, na mwili unacheza katikati ya hesabu hizo mbili. Vijana waliokulia kwenye nne ya bongofleva na amapiano wanatafuta mguu uanzie wapi, hawapaoni, wanaona bora wakae wasikilize kwa adabu. Bibi hana tabu hiyo, ngoma za Ugogo zimejaa tatu juu ya mbili. Mkipata Mmalagasi hapo nyumbani mwambieni alete salegy, muziki wao wa kucheza, nayo ni sita. Mtaona nani anakaa na nani anasimama.

Kwa hiyo mleta uzi, besi inaweza kuwa nzuri kiasi gani, kama msikilizaji hajui moja iko wapi, atabaki kwenye kiti.

#7 kijana_wa_nzuguni
Mwalimu, kwa hiyo sisi wa amapiano hatuna masikio 😂
Ila kuna kitu. Nilienda na ngoma zangu kwa shangazi Mpwapwa, nikapiga kwa simu, hakuna aliyetikisika. Wimbo uleule Dodoma mjini watu wanapanda juu ya meza. Mwalimu aniambie, Mpwapwa hawajui nne?

#8 fundi_spika_sabasaba
Kijana, tatizo lako si Mpwapwa, ni simu. Natengeneza spika, niacheni niseme.

Waya mnene wa gitaa la besi ukiachiwa wazi unatoa mtetemo wa mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu ni ndogo kuliko kifuniko cha soda, haiwezi kusukuma hewa kwa mwendo huo. Inachofanya ni kutoa zile sauti za juu zinazoizunguka besi, halafu ubongo wako, kwa kuwa unaujua wimbo, unajaza chini. Wewe unasikia besi ambayo haipo. Shangazi hajawahi kuusikia, hana cha kujazia, anasikia tikitiki tu. Amapiano imejengwa juu ya ule mgongo wa chini. Ukiupiga kwa simu umewanyima wimbo wenyewe.

Rumba inapona kwa sababu magitaa yako juu. Redio ya mbao, redio ya betri, spika iliyochanika, magitaa ya Kongo yanapita kote. Wazee wetu waliipenda kupitia redio ambazo besi zilikuwa hazina. Kwa hiyo wote mnaobishana besi na gitaa, mngeuliza kwanza chombo gani kilikuwa uani. Mleta uzi, spika yenu ni ya namna gani?

#9 besi_ya_makole
Fundi amenipa ushindi na kuninyang'anya kwenye aya moja.

#10 Mwana wa Chilonwa
Spika ni ile ya kubeba mkononi, ya kuchaji, ya wastani. Si mbaya. Mhabeshi na Mkongo walitumia hiyohiyo, kwa hiyo fundi bado una deni.

Halafu nilisahau zamu ya Mkenya. Yeye alifungua na Sina Makosa ya Les Wanyika. Watu wote walisimama, mpaka Mhabeshi aliimba kiitikio. Ilipoisha akasema, "Huu ndio muziki wa Kenya." Mimi nikanyamaza kwa sababu ya ugeni wake, lakini moyoni sikunyamaza.

#11 Mtanga Asilia
ULINYAMAZA?

Mkuu, ngoja nikupe silaha. Simba Wanyika ni ya ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, wa Tanga. Walihama wakaenda kupigia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitoa, akiwemo Omar Shabani wa gitaa la rithimu, wakaunda Les Wanyika palepale Nairobi. John Ngereza aliyeongoza baadaye ni Mtanzania. Kiswahili kile ni cha mwambao. Sasa muziki wa Kenya vipi?

#12 Mrorya
Mtanga tulia. Ulirekodiwa Nairobi, bendi iliundwa Nairobi, Wakenya ndio walionunua santuri na kujaza kumbi. Hapa kwetu hata kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, bendi zetu zilirekodi kanda Redio Tanzania, na waliotaka santuri kanda zao zilichapwa Kenya. Ungemwambia nini huyo Mkenya?

Na ukianza kudai, nao watadai. Benga mnayoiita ya Kenya, mfalme wake D.O. Misiani wa Shirati Jazz alizaliwa 1940 huku kwetu, karibu na Shirati, Tanzania. Alifanya kazi Kenya maisha yake yote na akafa kwa ajali ya gari karibu na Kisumu mwaka 2006. Wajaluo hatukuwahi kuulizana ni wa upande gani wa mpaka. Gitaa lake linadonoa kama nyatiti, chombo chetu cha nyuzi, na nyatiti ipo pande zote mbili.

Na mkitaka kujua kwa nini benga inanyanyua: ni ile solo inayokimbizana na mwimbaji, halafu mwimbaji anaachia, gitaa linabaki na mbio, besi inaruka chini yake. Hapo hata mgonjwa atauliza viatu viko wapi.

#13 Mtanga Asilia
Misiani nakubali. Les Wanyika sikubali. Tutaendelea siku nyingine.

#14 harare_dodoma
Habari za jioni. Mimi nimeolewa na Mzimbabwe, tunaishi Kisasa. Mrorya, hiyo benga yenu ilifika mbali kuliko mnavyodhani. Wakwe zangu wanaita muziki wao wa magitaa sungura, ule wa Leonard Dembo na Alick Macheso, na wazee wao waliuita kanindo. Kanindo ni mtu, Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji wa Kenya. Santuri zake zilikwenda kusini, na Sungura lilikuwa jina la lebo. Mume wangu alikuwa anaamini ni muziki wa Kishona tangu uumbaji. Nilipomsikilizisha Shirati Jazz, alisimamisha gari.

Baba mkwe husema wapiganaji wa ukombozi waliokuwa kambini Tanzania ndio waliorudi nyumbani na ladha hiyo. Wengine ukoo uleule wanasema santuri zilifika zenyewe kwa wafanyabiashara. Kwenye misiba bado wanabishana.

#15 Kongwa mpaka kieleweke
Dada wa Kisasa, kambi mojawapo ilikuwa hapahapa mkoani kwetu. Kongwa, kuanzia 1964. Walikuwepo FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola, na ZAPU wa Zimbabwe. Eneo lenyewe ni lile lililoachwa na Waingereza mradi wao wa karanga uliposhindwa. Watu wa nchi tano, vijana, mbali na mama zao, jioni hakuna umeme. Mnafikiri walikuwa wanafanya nini? Babu yangu alikuwa akiuza maziwa na kuku huko, anasema usiku nyimbo za makabila zilikuwa zinavuka uzio, na vijana wa kijijini walijifunza kuimba kwa sauti nne za Afrika Kusini kwa kusimama nje wakisikiliza.

Kwa hiyo mleta uzi, uani kwenu Ng'ong'ona mnarudia jambo ambalo Ugogo ulishalifanya. Nalipenda sana hilo.

#16 harare_dodoma
Asante kwa hilo, nitamsomea baba mkwe. Ila wale wa ZANU kambi yao ilikuwa Mgagao, Iringa. Hao anaowataja yeye walipita huko.

#17 Mzee wa Santuri
Vijana shikamooni mnaojibu, wengine marahaba.

Mmezungumza besi, gitaa, sita, nne, spika. Hakuna aliyetaja maneno. Remmy Ongala alikuwa Mtanzania safi, mzaliwa wa hapa, na watu walimfuata kwa maneno. Alipoimba kuhusu kifo na umaskini ukumbi ulikuwa unacheza huku unalia. Besi gani inafanya hivyo?

#18 Mutoto wa Bukavu
Mzee wangu shikamoo. Remmy alizaliwa Kindu, kwetu Kongo, mwaka 1947. Alikuja Dar 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, halafu Super Matimila. Alifia Dar, Desemba 2010. Ila hapo kwenye maneno nakuunga mkono nusu. Wakenya wanaimba Franco mstari kwa mstari bila kujua anasema nini. Maneno yanawashika wenye lugha. Wageni wanashikwa na kitu kingine.

#19 Mzee wa Santuri
Kindu, sawa, alizaliwa huko, akawa wetu. Lakini mwanangu, mgeni asiyejua lugha anasikia kama mwimbaji anamaanisha. Hilo halihitaji kamusi. Tilahun Gessesse wa Ethiopia simwelewi neno, na nikimsikiliza najua kuna mtu kaachwa.

#20 Tunduma Nakonde
Niwasaidie kuhusu Mzambia na miguu iliyokataa. Zamrock ilizaliwa na vijana wa mikoa ya shaba, kina WITCH na Amanaz, wakati shaba ina bei na magitaa ya umeme yananunulika. Rais Kaunda akaamuru asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, ndipo kila kijana akaona anaweza kurekodi. Wao walikuwa wanasikiliza roki ya Uingereza na Jimi Hendrix. Gitaa linakoroma, halidonoi. Roki inataka kichwa, haitaki kiuno. Mwambie rafiki yako siku nyingine alete kalindula, muziki wao wa kucheza, hapo mtatafutana.

#21 kijana_wa_nzuguni
Hoja ya kichwa na kiuno nimeipenda kuliko zote.

#22 reli_ya_kati
Naona kila mtu ana lake, nami nilete langu. Mdundo ni treni.

Kuna pigo la ngoma linaitwa cavacha, lililotangazwa na Zaiko Langa Langa miaka ya 1970, mpiga ngoma wao Meridjo Belobi. Husimuliwa kwamba lilitokana na mlio wa treni waliyokuwa wamepanda. Sisi tuliokulia kando ya reli ya kati, kutoka Gulwe mpaka Saranda, tumelala na mlio huo utotoni. Taka-taka, taka-taka, usiku kucha. Ndiyo maana Dodoma nzima ikisikia Zaiko inasimama. Mwili unaijua hiyo.

#23 fundi_spika_sabasaba
Mlio huo ni wa maungio ya reli, gurudumu likipita kwenye pengo. SGR reli zake zimechomelewa zikawa moja, hazina pengo. Watoto watakaokulia na SGR watasikia upepo tu.

#24 Mama Nkuhungu
Msianze SGR hapa. Nimeshaona nyuzi zikifa hivyo. Mleta uzi ana zamu Jumamosi, mpeni nyimbo.

#25 mwalimu_wa_kwaya
Sawa. Mpigie Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, mtindo wa Masika. Serikali iliipeleka bendi ile Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, kwa hiyo wageni walishafanyiwa majaribio. Baada yake Mlimani Park na Sikinde yao, usikilize tarumbeta na saksafoni zinavyokuja pamoja wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya mwisho. Halafu Tabora Jazz na Segere. Hiyo ni Tanzania.

#26 kijana_wa_nzuguni
Mwalimu, huo ni muziki wa wazazi wake. Piga singeli. Hakuna nchi nyingine yenye singeli. Wapige saa nzima uone kama kuna atakayekaa.

#27 Mzee wa Santuri
Saa nzima ya singeli mtamzika mtu.

#28 Mama Nkuhungu
Mmesahau mko Dodoma? Dansi ni tamu, lakini Mkongo akisikia Mbaraka atasema haya ni magitaa yetu mmeyachukua, na hatakuwa mbali na ukweli. Singeli ni ya Dar. Cha kwetu ni ilimba ya ndimi za chuma, zeze na ngoma ya muheme.

Hukwe Zawose alizaliwa mkoa huu, akaenda Bagamoyo, na sauti yake ikatoka kwenye lebo ya Real World ya Peter Gabriel. Alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo wake, Pendo na Leah, wakatoa albamu ya kwao wakiitwa The Zawose Queens. Miaka yote hiyo wanawake walikuwa nyuma wanaitikia, sasa wako mbele. Wageni huko Ulaya wanawajua, sisi tunauliza tupige nini!

Na muheme upige mwishoni. Ngoma za wanawake, zinabanwa mapajani, kila mmoja na pigo lake.

#29 besi_ya_makole
Ilimba haina besi.

#30 Mama Nkuhungu
Ilimba kubwa ina ndimi ndefu zinazotetema mpaka tumboni mwa mpigaji. Njoo Chamwino kwenye tamasha la Cigogo uiweke mapajani mwako, kisha urudi hapa uandike tena.

#31 harare_dodoma
Naongezea: mbira ya Zimbabwe ina vifuniko vya soda vinavyokwaruza. Nimeona ilimba ina matundu yaliyofunikwa utando wa buibui, nayo inakwaruza. Mume wangu anasema chombo kisichokwaruza hakijaamka. Huenda utamu mnaoutafuta uko kwenye ule mkwaruzo na si kwenye noti. Na gitaa linalokoroma la Wazambia ni mkwaruzo pia, Tunduma.

#32 Tunduma Nakonde
Hilo sikuwahi kuliwaza.

#33 Mwana wa Chilonwa
Nimerudi wakuu. Jumamosi imepita.

Nilianza na Mbaraka. Mkongo alifumba macho, akapiga vidole mezani, akasema, "Hapa naskia nyumbani, lakini mtu ameongeza chumvi." Walicheza wote, polepole. Mutoto wa Bukavu alifika, shukrani kwa chipsi. Mlimani Park wakacheza zaidi. Singeli nilipiga moja kwa heshima ya kijana_wa_nzuguni: Mzambia alicheka mpaka akakaa chini, na Mkenya alicheza mpaka akakaa chini.

Halafu Zawose. Hawakunyanyuka. Walisogea. Sijui niiseme vipi, kila mtu alivuta kiti karibu na spika. Mzimbabwe alisema neno moja tu, "Mbira," kisha akawa anaitikia kwa kupiga makofi kwenye sehemu ambazo sisi wengine hatukuzisikia. Ilimba ilimpata yeye kuliko hata mimi niliye Mgogo.

Mwisho nikaweka muheme, wanawake wa kijijini, niliyoirekodi mwenyewe kwa simu kwenye sherehe. Fundi, ni simu, besi hamna. Dada wa Burundi akasimama kabla mtu mwingine hajasimama. Aliomba irudiwe, ikarudiwa, akaomba tena. Sheria yetu ni kutoeleza mpaka wimbo uishe. Ulipoisha akauliza, "Wanaopiga ni wanawake?" Nikamwambia ni wanawake tu. Kwao ngoma kuu za Burundi, zile zilizoingizwa UNESCO 2014, ni za wanaume, na tangu 2017 kuna amri ya rais inayowazuia wanawake kuzipiga. Wanaruhusiwa kucheza. Anataka kujifunza muheme kabla hajarudi kwao.

Bibi mwenye nyumba alikuwa mlangoni muda wote. Hakucheza. Alikuwa anasahihisha: "Huyo wa pili amechelewa."

#34 besi_ya_makole
Simu, hakuna besi, na mtu kasimama. Sawa. Lakini yeye amekulia kwenye ngoma kubwa za Burundi, ubongo wake ulikuwa na cha kujazia. Fundi si alisema?

#35 fundi_spika_sabasaba
Nilisema kwa anayeujua wimbo. Yeye hakuujua.

#36 mwalimu_wa_kwaya
Hakuujua wimbo, aliyajua mapigo. Narudi kwenye sita zangu.

#37 Mzee wa Santuri
Mwalimu, huyo binti alisimama kwa sababu alisikia wanawake. Hata kabla hajauliza. Mnapima mitetemo, mimi nasema mtu alisikia mtu.

#38 Mutoto wa Bukavu
Mzee, aliuliza baada ya wimbo. Kama alikuwa amesikia asingeuliza.

#39 Mzee wa Santuri
Aliuliza ili athibitishe.

#40 Mrorya
Mleta uzi, swali lako la kwanza halijajibiwa na sasa umeleta la pili. Walinyanyuka kwa Mbaraka, walisogea kwa Zawose. Kusogea nako ni kunyanyuka? Mimi nadhani ni vitu viwili, na tumekuwa tukibishana kimoja.

#41 Mtanga Asilia
Na Sina Makosa ulimwambia ni ya nani?

#42 Mwana wa Chilonwa
Nilimwambia. Akanijibu kwa Misiani. Hajawahi kufungua uzi huu.

#43 Mama Nkuhungu
Dada wa Burundi mwambie aje kwangu Nkuhungu siku isiyo ya kanisa, nitampeleka kwa shangazi zangu Chamwino. Aje na kanga mbili za kujifunga, ngoma inabanwa na mapaja na siku ya kwanza inachubua. Asije na simu ya kurekodi mpaka wenyewe wamwambie.

#44 besi_ya_makole
Na mimi naweza kuja? Kubeba tu.

#45 Mama Nkuhungu
Kubeba unaruhusiwa.